Chujio la Intaneti Lisilochuja: Namna ya Kutafuta Kasoro



Ndugu msomaji, somo hili ni la mikono zaidi kuliko nadharia. Linawahusu wale ambao jumuiya zao zina chumba chenye kompyuta, iwe maktaba ya msikiti wa chuo, hosteli au ofisi ya wanafunzi, na wameamua kuweka programu huria ya kuchuja tovuti. Wengi huanza vizuri. Wanapakua programu, wanafuata maelekezo mstari kwa mstari, na mwishowe kompyuta inawaambia kazi imekamilika. Kisha hutokea moja kati ya mambo mawili: ama hakuna anayepata intaneti kabisa, ama kila mtu anapata kila kitu kana kwamba hakuna kilichowekwa. Hali ya kwanza inaudhi lakini haidumu, kwa sababu watu watapiga kelele ndani ya dakika tano. Ya pili ndiyo mbaya, maana hakuna atakayelalamika. Wazazi wameambiwa chujio lipo, kamati imeandika kwenye ripoti kwamba lipo, na mtandao uko wazi usiku kucha.

Mimi niko Juba. Nilisomea Kampala, nikarudi, na sasa najitolea kusaidia vyumba vichache vya kompyuta vya wanafunzi hapa mjini. Kwa miaka mingi Juba ilitegemea setilaiti. Mkongo wa nchi kavu ulifika mwaka 2020 kupitia mpaka wa Uganda, na siku hizi utaona pia dishi la Starlink juu ya bati. Bado bando ni ghali na umeme hukatika, kwa hiyo kuna kasoro utakazokutana nazo hapa kuliko Dar es Salaam au Nairobi. Lakini programu ni zilezile, na aliye popote atazitambua.

Nani anafanya kazi gani

Kabla ya kutafuta kasoro ujue ni nani unamtafuta. Squid ni proksi, yaani mtu wa kati: kompyuta ya mwanafunzi haiendi yenyewe kwenye tovuti, inaituma Squid, na Squid inaleta jibu. Ilianza mwaka 1996 ikitokana na mradi wa utafiti wa Marekani ulioitwa Harvest, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuweka akiba ya kurasa ili zisipakuliwe mara mbili. (Ukienda kwa kamati kuomba fedha, usiwaahidi kwamba Squid itaokoa bando. Zamani iliokoa kweli. Leo karibu tovuti zote zimesimbwa, na kilichosimbwa Squid haiwezi kukiwekea akiba.)

Squid peke yake inaweza kuzuia tovuti chache ulizoziandika kwenye faili. Orodha ikiwa kubwa, watu huongeza squidGuard, ambayo kazi yake ni moja: Squid inaiuliza, "huyu anataka anwani hii, apite?" nayo inajibu kwa kutazama hifadhidata. Orodha inayotumika sana na isiyolipiwa ni ile ya Chuo Kikuu cha Toulouse, Ufaransa, iliyogawanywa kwa makundi. Aina ya tatu ni DansGuardian na mrithi wake e2guardian, ambazo hazitazami anwani tu bali husoma maneno ya ukurasa na kuyapa alama. Ukurasa ukizidi kiwango ulichoweka, unazuiwa.

Kwa hiyo likitokea jambo, swali la kwanza ni: je, Squid yenyewe inafanya kazi bila chujio? Zima mstari wa chujio kwa kuweka alama ya # mbele yake, jaribu, kisha urudishe. Ukiruka hatua hiyo utapoteza siku nzima ukikagua squidGuard wakati tatizo ni waya.

Squid imegoma, au imewagomea watu

Ikiwa Squid haiwaki, usianze kuiondoa na kuisakinisha upya. Uliza kwanza:

sudo squid -k parse

Amri hiyo husoma faili la mipangilio, /etc/squid/squid.conf, na kukutajia mstari wenye kasoro. Neno la kutafuta ni "Bungled", likifuatiwa na namba ya mstari. Mara nyingi utakuta umenakili mpangilio wa toleo la zamani ambao toleo lako halina tena, au umeandika ".mfano.com" na "mfano.com" kwenye orodha moja. Nukta ya mbele inamaanisha tovuti hiyo na matawi yake yote, kwa hiyo mstari wa pili ni marudio. Squid hulalamika, na matoleo mengine hukataa kuwaka kabisa.

Ikiwa inawaka lakini wanafunzi wote wanaambiwa hawaruhusiwi, hiyo mara nyingi si kasoro. Squid ya Debian na Ubuntu ikitoka kiwandani humruhusu aliye kwenye seva yenyewe tu. Lazima wewe uutambulishe mtandao wenu. Tuseme kompyuta zenu zinaanza na 192.168.10, mpangilio mfupi kabisa unakuwa hivi:

acl chumba src 192.168.10.0/24
acl marufuku dstdomain "/etc/squid/marufuku.txt"
http_access deny marufuku
http_access allow chumba
http_access deny all

Angalia mpangilio wa mistari mitatu ya mwisho. Squid husoma kutoka juu kwenda chini na kusimama kwenye mstari wa kwanza unaomhusu mtu huyo. Ukitanguliza "allow chumba" kabla ya "deny marufuku", kila aliye chumbani amesharuhusiwa na orodha yako haisomwi kamwe. Na ukiiweka mistari yako chini ya "deny all" iliyokuwemo tayari kwenye faili, hakuna anayepita. Nimeona vyumba viwili vyenye maneno yaleyale kwenye faili, kimoja hakina intaneti, kingine hakina chujio. Tofauti ilikuwa ni mstari upi uko juu ya upi.

Baada ya kurekebisha, sudo squid -k reconfigure inatosha. Huhitaji kuzima seva.

Chujio lililolala

Sasa tuje kwenye lile lisilolalamikiwa. squidGuard ina tabia ambayo kila anayeitumia lazima aijue: ikikosa kitu inachokihitaji, haizimi intaneti. Inaingia kwenye hali ya dharura na kuruhusu kila kitu. Waliotunga waliona ni bora watu wafanye kazi kuliko ofisi nzima isimame, na kwa ofisi huenda ni kweli. Kwa chumba ambacho watu wamekiamini kwa sababu kina chujio, maana yake ni kwamba ahadi imevunjika na hakuna aliyeambiwa.

Nilipoitwa kwenye chumba kimoja hapa Juba, ilikuwa kwa sababu nyingine kabisa: intaneti ilikuwa nzito. Nilipofungua daftari la squidGuard, /var/log/squidguard/squidGuard.log, nikakuta "going into emergency mode" imeandikwa tangu siku ya kwanza, na kila seva ilipowashwa baada ya umeme kurudi iliandikwa tena. Miezi saba. Chujio halikuwahi kufanya kazi hata saa moja. Mstari unaotakiwa kuuona ni "squidGuard ready for requests". Kama huuoni, huna chujio, hata kama programu zote zimesakinishwa na huduma zote zinaonekana ziko hai.

Chanzo kilikuwa flashi. Orodha ya Toulouse ni kubwa, kundi la tovuti za ngono peke yake lina zaidi ya majina milioni moja, na bando la hapa ni ghali, kwa hiyo mtu aliipakua Kampala, akaifungua kwenye kompyuta yake, akaziweka folda kwenye flashi na kupanda basi. Wazo zuri. Lakini ndani ya orodha ile baadhi ya folda si folda, ni majina ya pili tu. Waandishi ni Wafaransa. Folda halisi zinaitwa "adult", "agressif", "drogue", na kando yake wameweka majina ya Kiingereza kama "porn", "violence" na "drugs" yanayoelekeza kwenye zile halisi. Flashi nyingi zimeumbizwa kwa FAT32, na FAT32 haijui kuhifadhi majina ya pili ya namna hiyo. Yakapotea njiani. Faili la mipangilio lilikuwa linatafuta porn/domains, halikuikuta, na squidGuard ikaingia kwenye dharura.

Dawa ni nyepesi: safirisha kifurushi chenyewe cha .tar.gz bila kukifungua, kifungulie kwenye seva. Au andika majina halisi kwenye mipangilio, "adult" badala ya "porn".

Sababu ya pili inayolaza squidGuard ni umiliki wa mafaili, na hii inawachanganya hata wazoefu. Baada ya kufungua orodha, unatengeneza hifadhidata kwa amri:

sudo squidGuard -C all

Kwa orodha kubwa na kompyuta ya kawaida inachukua muda, usidhani imeganda. Ikiisha, mafaili mapya ya .db yanakuwa mali ya root, kwa sababu root ndiye aliyeyatengeneza. Lakini Squid haifanyi kazi kama root. Kwenye Debian na Ubuntu inafanya kazi kwa jina la mtumiaji anayeitwa proxy, na proxy anaweza kukosa ruhusa ya kuyafungua. Hivyo:

sudo chown -R proxy:proxy /var/lib/squidguard/db

Sasa majaribio. Maelekezo mengi yanakufundisha kumpelekea squidGuard swali la mkono na kusubiri jibu. Ni vizuri, ila wengi hulijaribu wakiwa root, na root anafungua kila faili, kwa hiyo jaribio linafaulu wakati kazi halisi inashindwa. Jaribu ukiwa na jina lilelile linalofanya kazi:

echo "http://mfano.com/ 192.168.10.25/ - - GET" | sudo -u proxy squidGuard -c /etc/squidguard/squidGuard.conf -d

Mahali pa mfano.com weka jina moja ulilolitoa kwenye orodha yenyewe. Ikikurudishia anwani ya ukurasa wenu wa kuzuia, iko macho. Kama umeona imelala, soma mistari iliyo juu ya neno "emergency". Ndiyo inayotaja faili lililokosekana au mstari uliokosewa.

Jingine dogo hapohapo: kwenye kanuni, "pass !adult all" inazuia, lakini "pass all !adult" hairuki hata tovuti moja, kwa sababu "all" imeshasomwa kwanza. Ni kanuni ileile ya juu na chini, safari hii ni kushoto na kulia.

Mlango wa nyuma

Chujio likiwa macho, bado swali ni kama watu wanapita kwake. Zima mipangilio ya proksi kwenye kivinjari kimoja, kisha fungua tovuti yoyote. Ikifunguka, chujio lenu ni la wenye adabu tu, asiyetaka anapita pembeni. Ruta lazima ikatae kompyuta za chumbani kwenda moja kwa moja kwenye milango ya 80 na 443, na iruhusu seva ya proksi peke yake. Ikiwa ruta yenu ni MikroTik, kanuni hiyo inakaa kwenye firewall filter, mnyororo wa forward. Usisahau UDP 443. Vivinjari vya siku hizi huzungumza na Google na YouTube kwa njia hiyo, na aliyeziba TCP tu atashangaa kwa nini video zinaendelea.

Wanaotumia e2guardian wana mlango mwingine. Yenyewe husikiliza kwenye 8080 na kuikabidhi kazi Squid iliyoko 3128. Mwanafunzi anayejua hilo anaandika 3128 badala ya 8080 na kuliacha chujio nyuma. Kwenye squid.conf andika http_port 127.0.0.1:3128 ili Squid imsikilize jirani yake wa ndani peke yake. Na kwa anayesakinisha DansGuardian ya zamani kwenye mashine kuukuu: kama inakataa kuwaka bila sababu ya maana, fungua dansguardian.conf utafute mstari uliandikwa UNCONFIGURED. Umewekwa makusudi ili usiiwashe kabla ya kusoma mipangilio. Uwekee # mbele.

Tovuti zilizosimbwa

Hapa ndipo maswali mengi yanapotoka. Tovuti inayoanza na https, kivinjari kinaiambia proksi jambo moja tu: "niunganishe na jina hili, mlango 443". Baada ya hapo mazungumzo yamefungwa. Kwa hiyo Squid na squidGuard zinaweza kuzuia jina zima, lakini haziwezi kuona ukurasa gani umesomwa ndani yake. Na zikizuia, kivinjari hakionyeshi ule ukurasa wenu mzuri wenye nembo ya jumuiya. Chrome huandika ERR_TUNNEL_CONNECTION_FAILED na kukaa kimya. Waambieni watu mapema, la sivyo kila tovuti iliyozuiwa itahesabiwa kuwa intaneti imekatika.

Na ule usomaji wa maneno wa e2guardian nao hauna cha kusoma. Ndiyo maana mtu anaisakinisha vizuri, anaijaribu kwa tovuti kumi, na hakuna inayopimwa. Haina kasoro, imefungwa macho. Ipo njia ya kuyafungua: seva itengeneze cheti chake, cheti hicho kiwekwe kwenye kila kompyuta, na seva iwe inafungua mazungumzo ya kila mtu, inayasoma, kisha inayafunga tena. Squid inaweza kufanya hivyo, ingawa kifurushi cha kawaida cha squid kwenye Debian hakikujengwa kwa kazi hiyo na lazima usakinishe squid-openssl. Ushauri wangu ni kwamba usifanye. Siku utakayofanya hivyo, nywila za barua pepe za ndugu zako, ujumbe wa dada kwa mama yake, na akaunti ya benki ya yeyote aliyekaa pale vitapita mikononi mwa mtu anayesimamia seva. Amana hiyo ni kubwa kuliko tatizo lililokusudiwa kutatuliwa.

Kuna njia nyepesi inayosaidia zaidi ya watu wanavyodhani. Kwenye DNS ya chumba chenu, elekeza www.google.com kwenda forcesafesearch.google.com, na www.youtube.com kwenda restrict.youtube.com. Google yenyewe ndiyo iliyoweka majina hayo kwa ajili ya shule. Utafutaji unakuwa wa salama kwa kila mtu na hakuna mazungumzo yaliyofunguliwa. Kumbuka tu kwamba proksi ndiyo inayouliza DNS kwa niaba ya kompyuta, hivyo Squid yenyewe lazima iitumie DNS hiyo.

Saa ya Juba

Hili ni letu zaidi, ingawa walioko Kenya na Uganda wanaweza kulicheka. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa nyuma kwa saa moja. Kabla ya hapo tulikuwa sawa na Nairobi. Tangu siku ile tuko nyuma yake. Seva ambayo haijasasishwa tangu kabla ya tarehe hiyo bado inaamini saa ya zamani, na nyingine ziliwekwa Africa/Nairobi na mafundi waliotoka huko. Chumba kimoja kilikuwa na kanuni ya Squid ya kufungua mitandao ya kijamii kuanzia saa 12 jioni, baada ya masomo. Kila siku ilifunguka saa 11, watu wakiwa bado kwenye kazi, na ilifungwa usiku saa moja kabla ya wakati. Faili lilikaguliwa mara nyingi na halikuwa na kosa lolote. Dawa yake:

sudo apt install --only-upgrade tzdata
sudo timedatectl set-timezone Africa/Juba

Kisha uiwashe upya Squid. Na kama betri ndogo ya kwenye ubao wa kompyuta imekufa, kila umeme ukikatika saa inarudi miaka nyuma. Dalili yake ni vyeti vya tovuti zote kukataliwa kwa pamoja, na apt kulalamika kwamba faili "is not valid yet". Betri hiyo ya duara unaipata kwa fundi simu yeyote pale Konyo Konyo au Custom.

Saa unazoziona kwenye daftari la Squid lenyewe zimeandikwa kama sekunde zilizohesabiwa tangu mwaka 1970, kwa hiyo ukanda wa saa hauziharibu. Kuzigeuza andika date -d @ ikifuatiwa na namba yenyewe.

Kasoro isiyo yako

Kabla hujamaliza wiki ukitafuta tatizo kwako, hakikisha liko kwako. Januari 2025, baada ya video za mauaji ya raia wa Sudan Kusini huko Wad Madani, Sudan, kusambaa, na maduka ya ndugu wa Kisudani hapa mjini kuvamiwa na kuporwa, Mamlaka ya Taifa ya Mawasiliano iliagiza kampuni za intaneti zifunge mitandao ya kijamii kwa muda usiozidi siku 90. Kabla ya mwezi kwisha amri ikaondolewa. Julai 2017 tovuti za habari, zikiwemo Radio Tamazuj na Sudan Tribune, nazo zilifungwa hapa nchini. Siku kama hizo simu zinaanza: "Ustadh, chujio lako limeharibika, Facebook haifunguki."

Jibu liko kwenye /var/log/squid/access.log. Ukiona TCP_DENIED/403, ni wewe uliyezuia. Ukiona ombi lilikaa sekunde nyingi kisha likaishia na 503, Squid ilijaribu kwa nia njema ikakosa wa kumjibu, na tatizo liko nje ya ukuta wako. Baada ya hapo jaribu kwa simu yenye laini ya kampuni nyingine. Mimi wiki ile sikugusa faili hata moja. Nilibandika karatasi mlangoni kueleza.

Waliofungiwa bila sababu

Chujio lililolala lina ndugu yake: linalokesha kupita kiasi. Watu wakiona orodha haitoshi, huongeza kanuni ya kuzuia kila anwani yenye neno fulani. Andika "sex" kwenye kanuni ya namna hiyo na umezuia essex.ac.uk na sussex.ac.uk, vyuo vikuu viwili vya Uingereza, kwa wanafunzi wanaotafuta nafasi za masomo. Andika "uchi" na umezuia habari za Uchina na uchimbaji wa madini. Ukiweka "ngono", mwanafunzi wa ukunga hafungui ukurasa wa magonjwa ya ngono usiku wa kuamkia mtihani. Dada mmoja alikuja kuniuliza kwa aibu, kupitia kwa kaka yake, kwa nini ukurasa wa somo lake unakatazwa kama uchafu. Asingeuliza, angeamini kosa ni lake.

Orodha ya Toulouse imeliona hilo na ina kundi la pekee liitwalo sexual_education. Litanguliza: "pass sexual_education !adult all". Na kanuni za neno moja moja zifute zote.

Lililobaki ni daftari. Kila mstari wa access.log unasema kompyuta ipi ilikwenda wapi na saa ngapi, na kwenye chumba ambacho kila mtu ana kiti chake, kompyuta ni mtu. Mwenyekiti wa kamati moja, mzee ninayemheshimu, aliniomba nimtolee orodha ya waliojaribu kufungua tovuti mbaya. Nilimjibu, "Shekhe, chujio tuliliweka liwazuie, nalo limewazuia. Ukitaka na majina, hilo tena ni tajassus, na Sura ya Hujurat imeshatukataza." Alinyamaza kidogo, akauliza kama inawezekana kuyafuta. Inawezekana kutoyaandika kabisa. Kwenye squid.conf:

client_netmask 255.255.255.0

Mstari huo unafuta sehemu ya mwisho ya anwani kwenye daftari, kwa hiyo unabaki kujua kwamba mtu wa chumbani alizuiwa, bila kujua ni nani. Kutafuta kasoro bado kunawezekana, ila wakati wa kuchunguza kompyuta moja itabidi uuondoe mstari kwa dakika kumi, na mwenye kompyuta hiyo awe amekaa nawe. Angalia pia siku za kuhifadhi kwenye /etc/logrotate.d/squid, siku saba zinatosha.

Vyumba ninavyosaidia sasa vina kazi moja kila Jumamosi asubuhi kabla ya kufunguliwa. Mtu wa zamu anaandika tail -n 20 kwenye daftari la squidGuard kutafuta "ready for requests", anapeleka swali moja la mkono kwa jina la proxy, anazima proksi kwenye kivinjari kimoja kuona kama mlango wa nyuma umefungwa, na anafungua ukurasa mmoja wa afya kuona kama unafunguka. Anatia tarehe na sahihi kwenye daftari la karatasi lililofungwa kwa uzi kwenye meza ya seva. Umeme ukikatika katikati ya wiki, anayewasha jenereta ndiye anayerudia majaribio hayo manne.